Mzee Absalom Asiimbe Tena

Jumatano, 1 Oktoba

Leo nimesikia mtu akiimba. Sisemi akiimba kama watu wanavyoimba. Akiimba!

Nilishuka kwa Josué, jirani yangu wa nyumba ya chini, Mkongo wa Bukavu, mstaafu kama mimi. Nilikwenda kumwambia apunguze redio. Kumbe si redio. Ni televisheni, na ndani yake bwana mmoja mnene, koti jeusi, amesimama tu. Hana maiki. Nyuma yake fidla na matarumbeta, jeshi zima. Na bado anasikika juu yao wote! Nikakaa. Mke wa Josué akaleta chai, ikapoa. Chai yangu mimi huwa haipoi.

Jina lake Vaselini. Josué anasema silitamki vizuri, anakunja midomo anasema Vascellini. Mimi nimesikia Vaselini na naandika Vaselini. Ndiye mwimbaji mkubwa wa opera aliye hai.

Nikamwambia Josué, huyu ni tena. Naeleza hapa kwa sababu siku moja wajukuu watasoma: kwenye kwaya kuna soprano, alto, tena na besi. Theodora, mwalimu wetu wa kwaya, akitaka kuringa huandika tenor, lakini mdomoni sote tunasema tena. Mimi ni tena. Nimekuwa tena tangu kwaya ya kiwanda cha majani chai kule Kericho, ambapo sauti yangu ilisikika juu ya boila. Si majivuno. Boila yenyewe niliihudumia mimi, ningejua.

Josué akaniangalia kwa huruma. Akasema papa Absalom, ule ni mutoto. Ngoja nikuonyeshe baba yake. Akatoa santuri, ile sahani nyeusi ya zamani, akaifuta kwa shati lake. Ikaanza kukwaruza kama mtu anakaanga njugu. Ndani ya zile njugu, kwa mbali, mtu. Ndiye Delfrati. Alikufa kabla baba yake Josué hajazaliwa, na Josué anaapa hakuna aliyemfikia.

Nilisikiliza. Nitasema kweli, daftari ni langu: Delfrati ni mzuri. Kabla ya kupanda noti ya juu anashika pumzi kidogo, kama mtu aliyekumbuka msiba katikati ya kazi. Lakini nikamwambia Josué, toa njugu kwanza, tuone atabaki nani.

Akakasirika. Nikapanda kwangu. Baada ya ugali nikarudi.

Alhamisi, 2 Oktoba

Josué leo amenipigia wa katikati, aliyekuja baada ya Delfrati na kabla ya Vaselini. Anaitwa Pelagati. Ana nguvu, sikatai. Lakini anaifikia noti ya juu kama askari anavyofika mlangoni: kwa teke. Vaselini hapigi teke. Vaselini unamkuta ameshaingia, amekaa, amevua kofia, na hujui alipitia wapi.

Hilo ndilo linanisumbua. Alipitia wapi? Nimemrudia kwenye simu mpaka simu ikapata moto.

Mimi na Josué tumekubaliana jambo moja, kwamba Pelagati ni wa mwisho. Kuanzia hapo juu ni ugomvi. Mimi nasema Vaselini, kisha Delfrati, kisha marehemu mwalimu Nyabuto aliyetufundisha kiwandani, ndipo Pelagati. Josué akauliza huyo Nyabuto alirekodi wapi. Nikamwambia masikioni mwangu. Akasema basi hiyo sahani itavunjika siku ya mazishi yako. Mkewe akacheka mpaka akatoka nje.

Ijumaa, 3 Oktoba

Utafiti. Swali ni hili: mtu anaimbaje akasikika juu ya matarumbeta bila maiki?

Nimeimbia ndani ya kabati la nguo la Kwamboka, binti yangu ninayekaa naye. Sauti imekufa palepale. Makoti yameimeza. Kwa hiyo Vaselini haimbi karibu na makoti. Limeandikwa.

Nimeimbia ndani ya sufuria kubwa. Unajisikia wewe mwenyewe kama Delfrati, lakini Josué aliyekuwa chini anasema hakusikia kitu.

Nimeimbia kwenye ngazi za nje, kati ya kuta mbili za saruji. Ajabu! Sauti ilipanda mpaka juu, ikashuka, ikanirudia kama imetumwa dukani. Nikaweka mkono kifuani kama Vaselini, nikaishika noti moja. Dirisha la tatu likafunguka. Dirisha la nne. Mama mmoja akatoka na taulo kichwani akauliza kwa Kiingereza kama nimeumia.

Kwamboka alikuwa amelala, ametoka zamu hospitalini. Akatoka na kanga. Tata, akasema, hapa Lewisville nusu ya watu wanafanya kazi usiku, mchana ndio wanalala! Ume-disturb block nzima! Sasa manager akinipigia nita-explain nini? Nikamwambia amwambie ni sauti ya mkono kifuani. Akarudi kulala.

Amerithi ukaidi kwa mama yake.

Jumamosi, 4 Oktoba

Sabato. Kanisani nimeonyesha watu.

Tulikuwa tunafanya wimbo tutakaopeleka Pearland, kule kusini mwa Houston. Kwaya za Waafrika Mashariki zitakutana kanisani kwao tarehe kumi na nane. Katikati ya wimbo kuna mistari minne ya tena peke yake. Theodora hajasema ataimba nani. Ni mimi ama Josué, na watu wote wanajua Josué hana mwili wa kuimba. Ni mwembamba kama mwiko.

Basi ikafika Amina ya mwisho. Nikaishika. Mkono kifuani, macho juu. Soprano wakamaliza. Alto wakamaliza. Mimi bado. Kwaya ikaketi. Bado. Mchungaji akasimama akasema na tuombe, akaanza kuomba. Nikaona si vizuri kuikata ghafla, mtu hakatizi sala, nikaishusha polepole chini ya maombi yake kama mto unavyoshushwa chini ya kichwa cha mgonjwa. Iliisha walipofika kuombea wasafiri.

Watu walinyamaza kabisa. Mtoto mmoja alilia kwa kuguswa.

Theodora alikusanya karatasi za wimbo. Ni nesi wa mashine za figo, umri wa kitinda mimba wangu, kwaya anaiongoza kwa kidole kimoja. Kile kidole leo kilikuwa kinatetemeka.

Jumapili, 5 Oktoba

Ujumbe umeingia kwenye kundi la kwaya. Theodora ameandika: Wapendwa, kuhusu Pearland, Josué atachukua solo. Mzee Absalom asiimbe tena. Asanteni kwa kunielewa, mbarikiwe.

Nimeusoma mara nyingi. Kwanza damu ilipanda. Mimi nisiimbe tena? Mimi, tena wa boila? Sauti yangu ya tangu ujana apewe mwiko?

Halafu nikakaa nikafikiri. Theodora si mjinga. Mtu akiwa na beberu mmoja hodari hamfungi mahali penye majani tayari. Tena wako sita. Besi wako wawili, na mmoja ni Wilfred, dereva wa lori, ambaye wiki nyingine yuko Oklahoma. Besi yetu ni nyumba bila msingi. Kwa hiyo mwalimu ameona: mzee asiimbe tena, aende besi, aishikilie nyumba.

Ni kupandishwa cheo. Angeniambia tu.

Kundi limekuwa kimya ajabu siku nzima. Mmoja tu ameweka uso wa kulia. Nikaandika: Nimekubali. Nawashukuru. Hapo ndipo kila mtu akaweka mikono ya kuomba.

Kwamboka amenipikia kuku bila sikukuu. Ananitazama kwa upole. Sikuuliza sababu, kuku akiletwa unakula.

Jumanne, 7 Oktoba

Mazoezi. Nimeingia mapema nikasimama upande wa besi, mbele.

Wilfred akaingia, akaniona, akasimama mlangoni kama amesahau funguo. Akasema, shikamoo Mzee, umekuja? Nikamwambia ndiyo, nimekuja kukusaidia, umebeba mzigo wa besi vya kutosha. Akatazama soprano. Soprano wakatazama viatu.

Theodora akafika. Akaniona. Akafungua kinywa, akakifunga, akaenda kunywa maji. Alikunywa maji mengi. Aliporudi akasema basi tuanze, kwa sauti ya mtu aliyepewa habari mbaya kwa simu.

Besi ni nyepesi. Unashusha kidevu tu. Pale nisipojua noti nilitumia ya jirani, na jirani ni Wilfred, na Wilfred alikuwa ananikimbia. Alianza karibu nami akamalizia karibu na piano. Nadhani anaiogopa sauti yangu mpya. Vaselini naye, Josué ameniambia, alianza ujanani kama besi. Hakuna aliyeniambia nilinganishe, nimelinganisha mwenyewe.

Alhamisi, 9 Oktoba

Siku mbaya.

Josué alipanda kwangu amevaa kofia. Josué akivaa kofia ndani ya nyumba ana jambo. Akazunguka, akasifia kalenda, akauliza habari ya goti. Mwishowe akasema: papa Absalom, weye uko rafiki yangu. Batu bote banaogopa kukuambia. Theodora hakusema ténor. Alisema tena. Tena ya kusema encore, ya kurudia. Mzee Absalom asiimbe tena, maana yake fini. Usiimbe hata besi. Ukae kwa benchi na wamama.

Nikamwambia toka. Akasema bon, akatoka, akarudi kuchukua kofia maana alikuwa ameivua kwa huzuni.

Nimekaa. Nimefikiri mambo ambayo sipendi kuandika lakini daftari liko hapa. Kwamboka ana kazi. Televisheni inasema Kiingereza. Kwenye gari nakaa nyuma. Dukani nasukuma kigari. Wiki nzima katika nchi hii hakuna mahali ambapo mtu anasema hapa ndipo pa Absalom, isipokuwa pale kanisani. Mtu anasema Mzee, simama hapa. Nasimama.

Halafu nikasema, na kama Josué anadanganya? Ana solo, anataka na chumvi. Tena angekuwa na maana ya kamwe angeandika kamwe! Kwa nini kuna neno kamwe?

Nikampigia Theodora. Alikuwa kazini, nilisikia zile mashine za figo zikilia pii, pii. Nikamuuliza waziwazi: Theodora mwanangu, ile tena uliyoandika, ni ya sauti ama ni ya kurudia?

Pii. Pii.

Akauliza, Mzee, wewe ulielewa namna gani?

Nikamwambia nilielewa ya sauti, ndiyo maana niko besi, na Wilfred ni shahidi.

Pii, pii, pii. Nikafikiri simu imekatika. Halafu akasema, basi Mzee, ni hiyo. Ya sauti.

Nilijua! Nikamwambia nilijua! Akasema, ila nakusihi, Mzee wangu, besi ya polepole. Ya chini kwa chini. Ile ya kusikika na Mungu peke yake.

Nikashuka kwa Josué na kumwambia kupitia dirisha lake kwamba Kiswahili kilizaliwa pwani, si Bukavu. Akaniuliza kwani wewe ni wa pwani? Nikapanda.

Jumatatu, 13 Oktoba

Naandika nikiwa Katy, karibu na Houston, nyumbani kwa binti yangu mwingine, Fiona. Jana nimemwona Vaselini kwa macho haya.

Mjukuu wa Josué alimnunulia babu tiketi mbili, Vaselini anaimba Houston. Josué alipanda akiwa bila kofia. Akasema tumegombana, lakini niende na nani, na mke wangu anayesinzia? Tukapatana hapo hapo. Kwamboka akauliza mzee wa kanisa ataenda vipi kwenye mambo ya jukwaa. Nikamwambia hakuna anayecheza, watu wanaimba mpaka wanakufa.

Jumba lile! Ukuta umejipinda kama sikio. Nikauliza kwa nini, Josué akasema ni ili sauti isipotee. Nilitazama kila mahali: hakuna koti hata moja lililotundikwa. Utafiti wangu ulikuwa sahihi.

Tulikaa juu kabisa, chini ya dari. Wanaimba Kiitaliano, na Kiingereza kinaandikwa kwa taa juu ya jukwaa. Nikimaliza kusoma mstari mmoja mtu ameshaolewa. Nikaacha kusoma. Nilielewa hivi: kuna askari amerudi kutoka vitani, nyumba yake imeuzwa, anakaa kwenye ngazi yake mwenyewe na kuimba. Huyo askari ni Vaselini. Ni mzee kuliko kwenye televisheni. Anapanda ngazi akishika goti. Kama mimi!

Nilikuwa nimejiandaa kulinganisha. Nilisema nitamsubiri noti ya juu nione alipitia wapi. Akaipata, wala sikuona. Ukumbi ukalipuka. Watu wakapiga kelele bravo. Nikasimama nikapiga kelele yetu: Tena! Tena! Tena! Mama mmoja wa Kizungu kando yangu akaitikia kwa kichwa akasema yes, yes, tenor, na kunishika mkono. Kiswahili kimefika mbali. Nikaendelea mpaka akaja mama mwenye tochi.

Lakini si hiyo. Ni ya mwisho. Kule mwisho askari anaiaga nyumba, na Vaselini akaimba noti moja ndogo. Ndogo! Ndogo kama uzi unaopita tundu la sindano. Vyombo vyote vikanyamaza kumpisha. Na mimi niko juu chini ya dari, sikio langu la kulia ni bovu tangu boila, na uzi ule ukafika. Ukaingia kwenye sikio bovu. Sijui namna ya kuandika jambo hili. Kwa muda kidogo sikukumbuka kulinganisha mtu na mtu.

Nikamtazama Josué. Analia. Akasema, bon, Delfrati mwenyewe angekuja kumusikiliza huyu. Nikamwambia kwa hiyo nilikuwa sawa. Akasema hata mutu akilia weye unataka kushinda?

Asubuhi hii kwa Fiona, Josué anasema funzo ni kwamba mkubwa wa kweli ni yule anayeweza kuimba kidogo. Mimi nimeona funzo tofauti. Mkono ulikuwa kifuani, lakini kushoto zaidi.

Jumanne, 14 Oktoba

Balaa. Sauti imekwenda.

Jana kutoka Houston mpaka Lewisville nilimwimbia Josué wote kwa mpangilio, ili amalize ubishi. Delfrati nilimwimba pamoja na njugu zake. Pelagati na teke. Nyabuto. Kisha Vaselini, noti zake zote isipokuwa ile ndogo, ambayo haikutaka kutoka. Josué alifungua vioo vyote vya gari. Tulipopita Huntsville sauti ilianza kukwaruza, nikaona ni Delfrati ameniingia, nikaongeza. Karibu na Corsicana nilifungua kinywa kuomba maji ikatoka hewa.

Josué akaendesha mpaka nyumbani akitabasamu.

Kwamboka amenimulika kooni kwa tochi ya simu. Amesema nimeichana, ni-rest kabisa, nisiseme neno, na Pearland nisahau kuimba. Alisema hivyo kwa furaha isiyofaa binti. Amenipa tangawizi na asali.

Nisahau? Theodora akijua sina sauti ataniweka benchi na wamama, na Josué atapata alichokitaka. Hajui na hatajua.

Alhamisi, 16 Oktoba

Mpango umefaulu. Wakubwa wote, Vaselini na waliomtangulia, hawasemi neno siku za kabla ya kuimba. Josué mwenyewe aliniambia. Kwa hiyo kwenye mazoezi nimeingia na skafu shingoni, kidole mdomoni. Nikaelekeza koo, nikaelekeza mbinguni. Wakaelewa: mzee anaitunza.

Wimbo ulipoanza nikafungua kinywa kama wengine. Nyusi zikapanda, mkono kifuani, kushoto zaidi. Ndani hakuna kitu. Hewa tupu.

Wilfred leo hakuondoka kando yangu. Amenizoea. Theodora alifumba macho akiongoza, na kidole hakikutetemeka hata mara moja. Mwisho akasema, jamani, kwani leo kumetokea nini? Mbona tunasikilizana?

Nikainama kidogo. Josué akanitazama sana. Nilimtazama pia. Siri hakuitoa.

Jumapili, 19 Oktoba

Jana tumeimba Pearland. Naandika taratibu, utukufu hauharakishwi.

Kanisa limejaa, manesi wa hospitali kubwa na waume zao, watoto wanaongea Kiingereza tupu. Kwaya ya Katy ilitutangulia. Wana sare ya zambarau. Walipiga mateke, kama Pelagati. Zamu yetu. Koo bado hewa, na Theodora akapita mstari kwa mstari akirekebisha tai za watu, akafika kwangu, akaninong'oneza: Mzee, kama Alhamisi. Nakuomba tu kama Alhamisi.

Nikaogopa. Kweli naandika, niliogopa. Nilisema wakigundua, leo ndiyo leo, benchi.

Wimbo ukaanza. Nikafungua kinywa mpaka masikioni. Nilitoa kila kitu. Nilitoka jasho. Mishipa ya shingo ilisimama, Kwamboka anasema ilionekana mpaka kiti cha nyuma. Josué akaimba mistari yake minne, kidogo kidogo, kama ule uzi wa askari. Alijitahidi. Ni wazi aliegemea besi yangu. Ikafika Amina, ikaisha kwa pamoja, watu wote, kwa kidole kimoja cha Theodora. Kanisa lote likasimama!

Nje, mzee mmoja wa kanisa lile, anaitwa Mark, alinishika mikono yote miwili. Akasema Mzee, mimi nimesikia kwaya nyingi, lakini hiyo besi yako nimeisikia kwa mbavu! Unaimba na mwili mzima! Nikainama. Sikuweza kusema, na mtu mkubwa hasemi.

Na Theodora alikuja analia. Nesi, mtu wa mashine za figo, analia mbele za watu! Akanikumbatia. Akasema Mzee, hivyo hivyo. Ukiimba hivyo hivyo hutaondoka mbele mpaka Bwana arudi. Akawageukia wote na kusema nafasi ya mbele, besi, ni ya Mzee Absalom, mtu asisimame pale.

Kwenye gari Josué akasema taratibu: papa, leo umeimba vizuri kushinda siku zote. Kama ile noti ndogo ya Vaselini. Mwishowe amekubali. Nilimbana mkono. Anajua hata kukubali, huyu Mkongo, ukimpa muda.

Jumatatu, 20 Oktoba

Nimeamka nikaita Kwamboka. Kwamboka! Sahani ikaanguka jikoni.

Imerudi! Nimeijaribu kwenye ngazi za nje, kidogo tu. Madirisha sita. Ni kubwa kuliko ya mwanzo, mapumziko yameinenepesha. Kwamboka amekuja mbio akisema Tata nakuomba, una-rest wiki nyingine, na nyingine, hata mwezi. Anaona wivu kwa ajili ya Josué, sijui kwa nini.

Nimefikiri vizuri. Delfrati alikuwa na njugu, Pelagati teke, Vaselini uzi. Hakuna hata mmoja wao aliyesimamisha kanisa la Pearland bila sauti. Mimi nimefanya hivyo. Sasa hesabu mwenyewe itakuwaje nikiwa nayo!

Sabato hii tuna wageni, na wimbo ni ule ule, na Amina ni ile ile. Theodora sijamwambia kwamba imerudi. Nataka alie vizuri.